Mayu Alivyopanga Chakula cha Wiki

Miaka ya sabini tulikaa Mwadui, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Mama, ambaye tulimwita mayu kama wanavyoita Wasukuma, alikuwa na utaratibu wake. Kila Jumapili akitoka kanisani aliingia stoo, akashika kila kitu kwa mkono: gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, debe la nsansa, yale majani makavu ya kunde, dagaa na karanga. Kisha alifungua friji, akachungulia kwenye barafu aone nyama ya mwisho wa mwezi imebaki kiasi gani. Akifunga mlango, wiki nzima imeshapangika kichwani mwake. Maharage yaliyolala Jumatatu yaliungwa kwa karanga Jumanne, tukala tukajilamba vidole.

Alipougua tumbo akalazwa, nilikuwa darasa la saba. Wadogo zangu wawili wa kike walikuwa hawajui hata kuchochea moto. Baba alitaka kumwita bibi kutoka kijijini, lakini mayu akakataa, akasema bibi mwenyewe ni wa kuuguzwa. Akaagiza niende kwake kila Jumamosi nimweleze kilichobaki, yeye atapanga.

Ikawa hivyo. Nilikaa pembeni ya kitanda, yeye akafumba macho na kuniuliza nsansa zimefika wapi kwenye debe, na nyama iliyobaki ni mnofu au mifupa mitupu. Halafu alinitajia siku moja moja, nami nikarudia mpaka akaridhika. Mama wa kitanda cha jirani alisema akipona atakuja kula kwetu, mayu akacheka. Niliamini anapona. Mtu anayepanga chakula cha Ijumaa ijayo, nilidhani, hawezi kufa kabla ya Ijumaa.

Jumamosi ya mwisho sauti yake ilikuwa chini sana, ikabidi niiname.

"Jumanne chemsha michembe na karanga," alisema. "Ya kaka yako weka mingi. Yule hashibi upesi."

Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, alikufa kwa surua nikiwa bado mdogo sana. Hata sura yake siikumbuki. Nilimtazama baba, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akageukia dirishani.

"Sawa, mayu," nikasema. "Nitamwekea."

Tulirudi nyumbani. Jumanne nilipika kama nilivyoagizwa, nikapakua sahani moja zaidi, nikaiweka mezani. Wadogo zangu wakauliza kama kuna mgeni. Baba aliitazama ile sahani kwa muda, kisha akaivuta kwake, akala polepole mpaka ikaisha. Michembe hakuwa akiipenda hata kidogo.

Mayu alifariki Alhamisi asubuhi. Nyama aliyoipanga kwa Ijumaa ilipikwa na akina mama wa jirani wakalishia waombolezaji, pamoja na karibu kila kilichokuwa stoo. Tulimzika kijijini kwao.

Tuliporudi baada ya matanga, nilifungua friji nikakuta barafu na bakuli la maharage yaliyochacha. Nikasimama pale mlango ukiwa wazi, najaribu kufanya kama yeye, hiki leo, hiki kesho. Sikufika hata kesho. Baba akaja nyuma yangu, akaufunga mlango taratibu.

"Pika chochote, mwanangu," alisema.

Msibani sikuwa nimelia. Pale nilikaa sakafuni nikalia mpaka wadogo zangu wakaogopa, kwa sababu katika nyumba ile hatukuwahi kula chochote tu.

Jioni tulikunywa chai kwa mkate. Tangu wiki iliyofuata, baba ndiye aliyeniuliza kila Jumapili tumebakiwa na nini. Aliuliza hivyo miaka yote mpaka nikaolewa.