Bushi ya Ngozi

Gari lile halikuwa la sehemu zetu, na kila aliyeliona alinieleza hivyo bila kuombwa. Lilikuwa gari la michezo, la zamani, milango miwili, tumbo nusura liguse vumbi. Aliliacha mtaalamu mmoja wa kigeni wa mashamba ya ngano ya Hanang, wakati mashamba yalipoanza kuyumba na tukaambiwa sasa kila mtu ajitafutie. Mimi nilikuwa fundi Katesh, nashinda chini ya malori ya watu, na nilitaka kitu kimoja kizuri kiwe changu. Baba yangu, mfugaji wa Dirma ambaye hajawahi kushika usukani, alilizunguka mara moja akacheka mpaka akakohoa.

"Litabeba nini hili? Ndama akipanda, wewe unabaki."

Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa gia. Kati ya mkono wa gia na giaboksi kulikuwa na fimbo ndefu ya chuma, na kwenye maungio yake bushi za plastiki, vile vipete vinavyobana chuma kisicheze, zilikuwa zimelika zikaisha. Mkono ulizunguka kama mwiko kwenye uji. Unatafuta ya pili, unapata ya nne. Unatafuta ya kwanza, unaomba Mungu. Spea zake nilizikosa hadi Arusha. Nikachonga bushi za mpira wa tairi, zikasagika. Nikayeyusha plastiki ya ndoo, ikapasuka ndani ya wiki moja, nami nikaitukana ndoo, gari na yule aliyeniachia.

Baba ndiye aliyeleta ngozi. Ilikuwa kipande cha shingo ya dume, kavu, ngumu kama ubao.

"Hii haichoki," alisema. "Lakini ipake mafuta ya mkia wa kondoo. Siku tatu, uisugue mpaka ishibe. Usipoishibisha mafuta, itakunywa maji."

Nani kwetu asiyejua hilo? Ngozi kavu hairuhusu kisu mpaka uiloweke, na ikishalowa unaikunja utakavyo. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Mama aliniletea mafuta kwenye kopo, mke wangu akaliweka jikoni karibu na moto yasigande. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikata bushi siku ile ile, nikazipiga nyundo mpaka zikaingia, nikawasha gari.

Sijui nielezeje raha ile. Ya kwanza iliingia mahali pake, ya pili mahali pake, kila moja kwa kishindo kidogo ninachokisikia kwenye kiganja. Niliendesha hadi Nangwa na kurudi bila shughuli yoyote, nikibadilisha gia tu. Jioni mke wangu alinikumbusha kopo. Nikamwambia mafuta yatazilainisha, gia zitaanza kucheza tena. Hayo nilisema mimi, fundi, mtoto wa mfugaji. Kulikuwa kiangazi, na kiangazi kinamfanya mpumbavu aonekane ana akili.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Ilipokaribia kutimia tulihamia kwa wazazi wangu Dirma, ili akishikwa nimpeleke hospitali iliyokuwa upande wa pili wa vilima, kuelekea Mbulu. Baba alifurahi kuliko sisi. "Sasa gari lako limepata kazi," alisema. Mvua zikaanza wiki ile ile.

Uchungu ulimshika asubuhi. Saa mbili tuliondoka, yeye na mama nyuma walikobanana, mimi peke yangu mbele. Tulivuka madimbwi mengi, maji yakipiga chini ya gari. Kwenye kilima cha kwanza gia ziliingia, ila kile kishindo kidogo hakikuwepo tena. Nililisikia hilo kwenye kiganja, nikaendelea kupanda. Kwenye kilima cha pili nilihitaji ya kwanza. Mkono ukaenda, ukarudi, ukazunguka bure. Gari likaanza kurudi nyuma. Breki zilishika, matairi yakateleza, tukaishia mtaroni, ubavu mmoja juu.

Nilitambaa chini yake kwenye tope. Bushi zilikuwa laini kama utumbo, moja inaning'inia, nyingine haipo. Juu yangu mke wangu alikuwa analia, na mama anamwambia apumue. Niliisukuma fimbo kwa mkono mpaka gia ya pili ikaingia, nikaifunga pale pale kwa waya. Kisha tukasubiri watu wa kutusukuma, na kwenye mvua ile watu walichelewa. Tulimaliza njia yote kwa gia moja.

Tulifika saa tisa alasiri. Muuguzi aliniuliza tumetoka nyumbani saa ngapi, nikamwambia, akaandika bila kuniangalia. Mke wangu walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Tulirudi kwetu Katesh, na baada ya siku chache baba akaja, akaketi.

"Uliipaka mafuta?"

"Niliipaka, baba."

"Basi ngozi ilikuwa mbaya," akasema. "Yule dume alikufa kwa ugonjwa. Nilidhani shingo haina shida."

Kwetu mtu aliyeidhuru nyumba haji na maneno matupu. Asubuhi iliyofuata baba alimleta mtamba, aliye mzuri kuliko wote zizini, akamkabidhi mke wangu kamba. Mke wangu alinitazama. Kopo la mafuta lilikuwa bado jikoni kwake, limejaa. Akasema, "Asante, baba," akapokea. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mwambie."

"Nitamwambia."

Mtamba alizaa, na ndama wake wakazaa. Gari nililiuza vipande vipande. Tulikuwa mkoa wa Arusha, tukawa mkoa wa Manyara, nami nilikuwa bado sijamwambia. Baba hakunipa ngozi tena, wala hakukata ngozi kwa ajili ya mtu yeyote.

Alipokuwa anaondoka duniani hakuniita mimi. Alimwita mke wangu, akamshika mkono, akamwomba msamaha tena kwa ajili ya ile ngozi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mke wangu aligeuka akanitazama, akasubiri. Baba naye akasubiri, hajui anasubiri nini.

"Nimekusamehe, baba," mke wangu akasema. Kisha akainuka, akanipita pale mlangoni, akaenda kukamua.