Tangi la Maji na Ngoma za Mama Ndahani

Nikinusa kamba ya usumba iliyolowa lami, popote nilipo, namwona baba. Nimeinusa Tanga, nimeinusa Kigoma na Mombasa, kwa sababu sijapata kukaa mji mmoja hata viatu vikachakaa. Lakini harufu hiyo hainipeleki baharini kama mnavyodhani. Inanipeleka Dodoma, wakati wa Mjerumani, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi.

Tulifika huko kwa treni kutoka Dar es Salaam, baba, mama na mimi, tukiwa tumekaa juu ya mizigo yetu siku mbili nzima. Baba alibeba lundo la kamba zake mabegani kama mtu aliyebeba mtoto. Mama alibeba nazi sita kwenye kikapu, kwa kuwa aliambiwa kwamba bara hakuna minazi na hakuamini. Kila tulipopita kituo alichungulia nje, akatazama miti. Tulipopita Morogoro alikifunika kile kikapu kwa kanga.

Bandarini baba alikuwa hamali. Kila asubuhi wanaume walisimama getini wakingoja kibarua, yaani kile kikaratasi cha kazi ya siku moja. Walikuwapo Wazaramo kama sisi, Wamanyema, Wanyamwezi, Washihiri, kila mtu na lugha yake, na meli ikishatia nanga wote walikuwa kamba moja. Aliyekosa kikaratasi alirudi nyumbani, na sisi tulijua habari kwa jinsi baba alivyoivua kofia yake mlangoni. Baba hakukosa mara nyingi, kwa sababu alikuwa mwimbishaji. Mzigo mzito ulipotaka kuvutwa, yeye alisimama mbele bila kugusa kitu akatoa wimbo, na watu hamsini wakaitikia na kuvuta kwa pumzi moja. Walimwita Pembe, kwa jinsi sauti yake ilivyolia. Kule kwetu jina hilo lilikuwa heshima yake yote.

Dodoma alipewa kazi ya kudumu ya kusimamia mizigo stesheni, na pamoja na kazi, nyumba ya vyumba viwili. Mama aliifagia mara tatu siku ya kwanza. Hatukuwahi kuwa na mlango ambao jirani hapiti. Baada ya mwezi alilima karanga nyuma ya nyumba, akajifunza kuzitia kwenye mboga mahali pa tui, na nazi tena hakuzitaja.

Mimi nilipata elimu yangu stesheni. Pwani nilikuwa nimeona ngozi za ng'ombe zikipakiwa melini, zikiwa zimekauka na kufungwa mafurushi, na nilidhani zinatengenezwa hivyo bandarini. Dodoma niliziona zikitembea na pembe zake, zikipelekwa malishoni na rafiki yangu Ndahani, ambaye alinicheka mpaka akakaa chini. Nta, samli, karanga, vyote vilivyonuka bandarini vilikuwa na nyumba zao huku. Jioni nilicheza uani kwa kina Ndahani, ambako mama yake alikuwa mkuu wa wapiga ngoma. Kwa Wagogo ngoma ile hupigwa na wanawake. Huibana katikati ya mapaja, na mikono yao ikianza, wanaume wenye njuga miguuni hawana hiari tena.

Basi likaja tangi. Lilishuka melini Dar es Salaam kwa winchi, likaletwa na behewa la wazi: chuma kitupu, kubwa kuliko nyumba yetu. Lilitakiwa kupandishwa juu ya jukwaa la mawe ili injini zipate maji bila kungoja watu wachote kwa ndoo. Dodoma hapakuwa na winchi. Palikuwa na baba, kamba zake, na wanaume thelathini wa Kigogo.

Mjerumani wa stesheni alimwambia baba maneno machache kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Treni ya kwenda pwani itafika siku ya tatu adhuhuri. Ikikuta tangi juu, vizuri. Ikilikuta chini, baba atarudi pwani na treni hiyo hiyo, na nyumba atapewa mtu mwingine. Mama aliposikia alikwenda kupalilia karanga ambazo hazikuwa na gugu hata moja.

Siku ya kwanza walitandika mataruma, yale magogo ya kulazia reli, kufanya mteremko, wakafunga kamba. Baba akasimama mbele, akatoa wimbo wa bandarini. Wagogo wakaitikia, na jamani, sijasikia maitikio kama yale. Mmoja alipanda juu, mwingine akashuka chini, wa tatu akangoja nafasi yake akaingia katikati, sauti zikasukana kama ukili. Tatizo ni kwamba kila mmoja alivuta sauti yake ilipoingia. Tangi likayumba kama mlevi, halikupanda. Baba akawaambia waimbe sauti moja. Wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyewaomba wale ugali bila mboga.

Siku ya pili lilipanda nusu, likateleza, likavunja mataruma mawili. Hakuumia mtu. Baba alipiga kelele, nao wakaachia kamba wakakaa.

"Huyu wa pwani anaimba, sisi tunavuta," mmoja alisema. "Kesho tubadilishane."

Wenzake wakacheka. Baba hakucheka.

Alikuja nyumbani mchana akakaa mbele ya chakula bila kukigusa. "Wanaimba vizuri kuliko sisi," alisema, kama anayemshitaki mtu. Mama alikuwa ameanza kukunja mkeka mmoja. Mimi nilikuwa na jambo kifuani tangu jana yake, na kuuona mkeka ule ukikunjwa kulinifungua mdomo.

"Baba, wao sauti zao hazikutani. Miguu ndiyo inakutana."

Akaniambia nile. Nikamweleza hivyo hivyo, mdomo umejaa: kwamba uani kwa kina Ndahani sauti hutawanyika kila upande, lakini ngoma ya mama yake ikianguka, miguu yote huanguka pamoja, njuga zote mlio mmoja. Baba alivuta sahani karibu. Kisha akala.

Asubuhi ya siku ya tatu alinishika mkono tukaenda. Mama Ndahani alikuwa anapepeta uwele. Baba akamwamkia, "Mbukwa," neno pekee la Kigogo alilokuwa nalo.

"Mama Ndahani, nimekuja kuomba ngoma."

"Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Ni lile tangi."

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Na wewe, Baba Athumani, mwenye wimbo wako, utafanya nini?"

"Nitavuta," alisema baba.

Walikuja wanawake watano. Mjerumani alipowaona wakikaa na ngoma zao akauliza kama hii ni kazi au sherehe. Baba akasimama wima. "Ni kazi, bwana mkubwa." Kisha akavua kofia, akanipa niishike, akaingia kwenye kamba, mtu wa mwisho nyuma kabisa. Wanaume wakageuka kumtazama. Hakuna aliyecheka.

Mama Ndahani hakufanya haraka. Alibembeleza ngoma kwanza, wanaume wakaanza kuimba kila mtu na njia yake, nami nikaogopa kwamba ni yale yale. Halafu mkono wake ukaanguka. Miguu ya watu thelathini na mmoja ikapiga ardhi, na tangi likapanda hatua moja. Ukaanguka tena. Hatua nyingine. Vumbi likafunika watu mpaka magotini, chuma kikalia, mama akatoka nyumbani na mikono yenye udongo. Treni ilipopiga honi upande wa magharibi, tangi lilikuwa limekaa juu ya jukwaa, na Dodoma nzima, nadhani, ilikuwa inapiga vigelegele. Mjerumani alitazama saa yake. "Baki," akamwambia baba, akaenda kivulini. Mama akaukunjua mkeka.

Siku ile nilifurahi kwa ajili ya nyumba. Nilijiona mimi ndiye niliyelipandisha lile tangi. Ilinichukua miaka mingi, na bandari tatu ambako nami nilibeba jina langu dogo nikiogopa lisidondoke, kujua kwamba kitu kizito kilichonyanyuliwa asubuhi ile si chuma.

Niliondoka Dodoma moja kwa moja nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenda shule ya pwani. Mama alinifungia karanga. Baba hakuweza kuja kuniaga behewani, kwani walikuwa wanashusha mashine ya kusaga. Nilimwona dirishani treni ilipoanza kwenda. Alikuwa katikati ya mstari, anaitikia kwa Kigogo kibovu, na mtu wa mbele yake alikuwa anacheka matamshi yake, na yeye pia alikuwa anacheka, akivuta.