Jiko la Paipu kwa Nyumba ya Mama

Wiki tatu baada ya kumzika baba, nilishuka Nakuru kumtafutia mama kitu cha kupasha nyumba joto. Ndugu zangu walikuwa wameshaamua: nyumba ya Molo isipopata moto salama kabla ya baridi ya Julai, mama atahamishiwa mjini kwa kaka yangu mkubwa. Mama hataki mjini. Ana ng'ombe wawili, ana viazi shambani, na kaburi bado ni bichi. Lakini moto pia alikuwa hautaki. Alishinda sebuleni na makoti mawili, miguu ndani ya blanketi, na ukimtajia jiko anageuza uso.

Kwetu Molo jiko la makaa huwashwa nje. Unalipepea mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha unaliingiza ndani. Tunaamini makaa yakishaiva hayana neno. Kumbe hewa yao mbaya haina rangi wala harufu, na kama nyumba haina mahali pa kupumulia, inaua. Nyumba yetu ilikuwa na matundu juu ya dirisha. Baba alinipigia simu kwamba upepo unaingilia pale, unawauma mifupa. Nikaja Jumamosi, nikapanda kiti, nikayaziba yote kwa magunia, nikarudisha pazia. Nilifanya kazi safi sana. Siku nne baadaye mama alitoka asubuhi kukamua na kupeleka maziwa barabarani. Aliporudi alimkuta baba ameketi mbele ya jiko, amekufa.

Watu walisema ni makaa. Hakuna aliyeuliza habari za matundu, nami sikusema. Matangani nilipanga viti, nikapika chai, nikaelekeza magari pa kuegesha. Shangazi mmoja alinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Sikuhisi kitu, basi.

Mjini niliingia duka la kwanza, nikaonyeshwa hita ya stima. Stima ya Molo hupotea wingu likipita tu, kwa hiyo nikasema asante. Duka la pili walikuwa na ya gesi. Muuzaji aliiwasha nione jinsi inavyong'aa, na miguu ikanitoa nje kabla hajamaliza kueleza. Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali anayeunda majiko ya kuni kwa chuma kizito, yana mlango mbele na paipu inayopanda mpaka nje ya paa.

"Moshi yote inatoka juu, boss," alisema.

"Na ile hewa isiyoonekana?"

"Hata hiyo."

Nikamuuliza tena. Nilipouliza mara ya tatu aliweka nyundo chini. "Boss, unanunua jiko ama unanihoji?"

Nililichukua. Alhamisi alikuja nalo Molo, akatoboa bati, akasimamisha paipu, akaizungushia lami mvua isiingie. Mama alisimama mlangoni na makoti yake. Kisha fundi akavuta pazia apate mwanga.

"Hapa nani aliziba?" Alikuwa juu ya kiti akichomoa gunia, vumbi likimwangukia usoni. "Hata hii jiko lazima ivute hewa. Mathe, hii kitu inaua watu."

"Ni mimi," mama akasema.

Nilisikia sauti yangu ikitoka kabla sijaipa ruhusa. "Hapana. Ni mimi. Mama, nilipanda kiti nikaziba."

Hakuniangalia. "Wewe ulizibishwa. Baba yako hakutaka kukusumbua, alisema una kazi zako. Mimi ndiye nilimlilia baridi mpaka akakupigia."

Fundi alishuka na yale magunia, akatoka nje. Nikayatazama yale makoti mawili. Wiki tatu nilidhani anaogopa moto, kumbe alikuwa akijinyima joto. Mimi nilikuwa nimejifungia kosa hilo kama mali yangu peke yangu, na yeye alikuwa akilitetemekea katika chumba hiki hiki.

Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele, mara ya kwanza tangu tumzike. Mama hakuninyamazisha. Alingoja mpaka nikamaliza, halafu akaniambia nilete kuni.