Siku Mama Alipokaa Kitini

Jirani yangu hapa Quitunda amenunua makina, mashine ya kufulia. Juzi alipoiwasha, mngurumo wake ulinikuta nachambua mchele, na mara nikasikia puani harufu ya sabuni ya mche iliyolowekwa kwenye maji ya moto. Mkono ukasimama juu ya ungo. Nilikuwa nimerudi Palma ya utotoni, kaskazini mwa Msumbiji, mtoto wa miaka saba hivi, namfuata mama kama mkia.

Mama alikuwa akifua nguo za watu. Tangu asubuhi nilimwona mgongo tu, umeinama juu ya karai, na vidole vyake vilichubuka hata chumvi ya mchuzi ikamuuma. Basi akaja Dona Lurdes, mke wa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka kusini, na mama akawa anamfulia. Katika stoo ya nyumba waliyopewa wakakuta makina ya kizamani: pipa la bati lenye rangi ya maziwa, lina miguu ya magurudumu, na juu yake magogo mawili ya mpira ya kukamulia nguo, yanayozungushwa kwa mkono. Mumewe akaisafisha, akaitia mafuta, na asubuhi moja jenereta lilipowashwa, ikanguruma.

Habari zikatufikia upesi. Mama alijitanda leso yake nzuri, akanishika mkono, tukaenda polepole kama watu wanaokwenda kuaga kazi.

Dona Lurdes akatupokea mlangoni kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Mana Zaina, dada, karibu. Mimi ogopa hii. Peke yangu, hapana.”

Wakatia nguo, maji na sabuni. Pipa likaanza kutikisika. Dona akavuta viti viwili.

“Nikikaa, nguo atafua nani?” mama akauliza.

Dona akalionyesha pipa kwa kidole. Mama akakaa ukingoni mwa kiti, mikono imelala mapajani, viganja juu.

Msinicheke: niliogopa. Sikuwahi kumwona mama amekaa mchana bila kazi mkononi, ila alipopata homa kali. Nikatoka mbio hadi kwa bibi, mama yake mama.

“Bibi, mama anaumwa! Kakaa kitini, hafanyi kitu!”

Bibi hakuuliza mara mbili. Akatia maji kikombeni, akayasomea dua, akatoka leso ikimdondoka, nami nyuma yake nalia.

Tulimkuta mama anacheka. Alikuwa akisimulia jinsi alivyofukuzwa na mbwa alipokwenda kuiba mabibo, mikono yake ikiruka hewani, na Dona, ambaye nadhani hakuelewa hata nusu, alikuwa akijifuta machozi ya kicheko.

“Kuna nini?” bibi akauliza, anahema.

“Nimekaa, mama,” mama akajibu. “Nimekaa tu.”

Bibi akayanywa yale maji mwenyewe, akadai kiti.

Kazi mama hakuipoteza. Kila siku ya kufua Dona alimwita. Mmoja akiingiza nguo kwenye magogo, mwenzake akizungusha, nguo zikitoka bapa kama chapati. Kisha mume wa Dona akahamishwa tena, nao wakaondoka, na mama akarudi kwenye karai.

Kwa miaka mingi nilidhani ajabu ya siku ile ilikuwa makina. Mpaka nilipozaa na kulea ndipo nikatambua kwamba yule mwanamke aliyekuwa akirusha mikono na kucheka, niliyemwona mzee tangu dunia iumbwe, alikuwa msichana. Alikuwa mdogo kuliko binti yangu alivyo leo, na binti yangu huyo bado namwita mtoto.