Chumvi Niliyomtilia Baba Yako

Ile Jumapili siisahau, mwanangu, hata nikitaka. Nina hasira tangu jana, uliposimama mlangoni pa jiko langu, mwanaume wa miaka arobaini na moja, ukaniambia: "Mama, muke yangu anapikaka chakula ya wagonjwa ya ku lopitalo. Weye unipikie samaki ya munyu, yeye asijue." Samaki wa chumvi! Nilikufukuza na mwiko mkononi, ukaondoka unacheka. Basi leo kaa chini, nyamaza, usikie kwa nini mimi sikucheka.

Baba yako alikuwa na tansio kama wewe, presha ya damu inayopanda bila kukuuma popote. Alikuwa fundi katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na mimi nilikuwa mke wa miaka ishirini na minne. Daktari alimpa vidonge, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, aache pombe, atembee kila siku. Nikawa napika sombe, majani yetu ya muhogo, bila chumvi, natafuta ladha kwenye kitunguu, nyanya na ndimu. Yeye akaacha taxi-bus, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Majirani wakanong'ona kwamba amefukuzwa kazi, maana fundi mzima hatembei barabarani kama mtu anayetafuta kibarua. Alikasirika, lakini alitembea, na presha ikashuka.

Ndipo nyanya yako, mama mkwe wangu, akaja kututembelea kutoka kijiji cha wavuvi kule kwenye ziwa Tshangalele, na kapu la samaki waliokaushwa kwa chumvi. Jumapili hiyo, tulipotoka misa, nyumba ilijaa watu wa ukoo. Alionja sombe yangu, akasukuma sahani, akasema mbele ya wote: "Mutoto yangu anafanyaka kazi ya nguvu, na weye unamunyima munyu? Kama umemuchoka, useme, tutamurudisha kwetu."

Mwanangu, mama mkwe akisukuma sahani yako mbele ya wageni, unatamani ardhi ipasuke. Ningeweza kumweleza maneno ya daktari. Baba yako naye angeweza, alikuwa amekaa palepale, macho kwenye ugali wake wa bukari. Tulinyamaza wote wawili, eti heshima. Heshima gani hiyo? Niliingia jikoni, nikachota chumvi kwa kiganja, nikaitia kwenye chungu kizima. Kisha nikawakaanga wale samaki. Wageni walikula wakajilamba vidole, baba yako akaniambia, "Leo umepika," na mimi mjinga nikafurahi.

Mama mkwe alikaa mwezi mzima. Alipoondoka, chumvi haikuondoka naye, kwa sababu nilishazoea kusifiwa. Kutembea nako baba yako aliacha, maana mama yake alimwambia anaaibisha ukoo. Asubuhi moja akashindwa kufunga kifungo cha shati. Nilidhani anatania. Nilipomtazama vizuri, mdomo umekwenda upande na mguu hauna kazi: kiharusi. Aliishi miaka tisa kwenye kiti, na hakuweza kuniita jina langu tena mpaka tulipomzika. Asubuhi ile ya kifungo wewe ulikuwa na miaka miwili. Humkumbuki baba yako akitembea, na katika hilo mimi nina kosa.

Nilimchukia mama mkwe, nakwambia kweli, hata kanisani nilimchukia. Siku aliyokuja kumwona mwanawe kwenye kile kiti, nilikuwa nimeandaa matusi yangu yote. Alipiga magoti, akamshika miguu, akalia, halafu akanigeukia: "Mama, sababu gani haukuniambiaka?" Matusi yangu yote yaliishia hapo. Angejua, angewatupa wale samaki ziwani kwa mkono wake mwenyewe.

Na sasa wewe unataka nikupikie kwa siri! Mke wako anahangaika na maisha yako peke yake, halafu unakwenda kumsema kwa shangazi zako, wanamcheka, wanasema ni mchoyo. Huoni haya? Shangazi zako nitawaita mimi, leo hii, niwaambie ugonjwa wako wazi, anayetaka kukasirika akasirike.

Wewe sikia. Kula anachopika mke wako, na ukienda kwa watu, sema mapema, "Niko na tansio, munisamehe," kabla hawajapakua. Kunywa vidonge vyako hata siku unayojisikia mzima, usiviache mpaka daktari aseme. Tembea, na wanaokutazama watazame mpaka wachoke. Pombe iache. Kwangu njoo kila siku, utakula, lakini bila chumvi, na mimi nitakula hivyohivyo pamoja nawe.

Nimefoka, kwa sababu naogopa. Nimeshaosha mwanaume mmoja kwenye kiti, wa pili sitaweza. Mungu akulinde, mwanangu, akuongezee siku, na ikifika zamu yangu, wewe ndiwe unizike.