Dada Yangu Aliniita Mkoma

Dada yangu wa tumbo moja ndiye aliambia mtaa wetu wote wa West Indies kwamba nina ukoma.

Wacha nieleze.

Naitwa Jerop. Nauza chapati na madondo, yaani maharagwe, kwa kibanda hapa West Indies, Eldoret. Nina psoriasis, ile ngozi inakuwa nene na nyekundu, halafu inabanduka magamba. Yangu iko kwa viwiko na mikono. Haiambukizi. Nilikuwa navaa mikono mirefu, maisha inaendelea.

Jumatatu moja chapati zikakaa. Saa nne, saa tano, hakuna mtu.

Gathogo, fundi wa viatu wa hapo kando, akanisongelea na simu.

"Jerop, umeona hii?"

Kwa group ya WhatsApp ya mtaa kulikuwa na picha yangu nikikanda unga, mikono wazi. Chini yake: "Huyu ndiye anawapikia. Huo ni ukoma." Imetumwa na namba ngeni.

Hata Gathogo hakukula siku hiyo. Alisema ameshiba.

Niliangalia ile picha tena. Nyuma yangu kulikuwa na pazia la kijani. Hilo pazia nililishona mimi mwenyewe. Liko jikoni kwa dada yangu mkubwa, Priscah, kule Moi's Bridge. Nilikuwa nimeenda kumsaidia kupikia wageni wa kanisa.

Nikampigia.

"Ni wewe?"

"Watu wana haki ya kujua nani anawapikia."

"Priscah, daktari alisema haiambukizi. Ulikuwa umeketi hapo ukiskia."

"Madaktari wanasema mengi."

Akakata.

Miezi miwili nilipika sufuria moja kwa siku, na hiyo moja tukamaliza mimi na watoto.

Sasa, kliniki ya ngozi ninayoenda ilianza utafiti. Daktari Opondo, mama mmoja asiyepoteza maneno, akanieleza. Kuna kitu kwa damu kinaitwa homocysteine. Kila mtu anayo. Ikipanda sana, inahusishwa na shida ya moyo na mishipa. Watu wengi wa psoriasis wamepimwa ikapatikana iko juu. Walitaka kujua kama kupanda huko kunasababishwa na jeni fulani ambayo wengine wetu tunazaliwa nayo, inayofanya mwili usitumie vitamini vizuri.

"Nataka damu yako," akasema, "na ya ndugu yako mwenye ngozi safi. Nilinganishe."

Ndugu nina mmoja tu.

Nilimtumia Priscah meseji. Sikumbembeleza. "Njoo Alhamisi utoe damu, ama kanisa lako lote lijue nani alipiga ile picha." Bwanake ni mzee wa kanisa.

Alikuja. Wigi mpya, mkoba ameukumbatia kwa mapaja. Hatukusalimiana.

"Nikitoka hapa usiwahi nipigia," akaniambia.

"Hata leo sikutaka kukuona."

Nesi akasema lazima akague ngozi yake kwanza, ahakikishe hana ugonjwa. Viwiko safi. Magoti safi.

"Toa wigi, mama."

"Hapana."

"Kichwa lazima tuone."

"Nimesema hapana. Chukueni damu niende."

Daktari Opondo akaweka kalamu chini. "Basi siwezi kukuweka kwa utafiti."

Hapo nikaingilia, na sikuingilia kwa uzuri. "Unaogopa nini? Mimi si ulinianika kwa watu wote?"

Priscah akaniangalia kama anayetaka kunizaba kofi. Halafu akaishika hiyo wigi, akaivua.

Magamba. Kutoka kwa paji mpaka kisogoni. Mbaya kuliko yangu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu tumzike Baba."

Miaka tisa.

"Na ukaniita mkoma?"

"Watu wakikuangalia wewe, hakuna mtu ataniuliza mbona sivui wigi."

Sikulia. Nilitaka kumpiga, nawaambia ukweli.

Wakamwandikisha kama mgonjwa, si kama ndugu mzima. Majibu yalipotoka, Priscah alimwambia daktari, "Sema tu mbele yake. Ameshaona yote."

Ile jeni tulikuwa nayo wote wawili, tumerithi kwa Baba na kwa Mama. Homocysteine yangu ilikuwa juu. Ya Priscah ilikuwa karibu mara mbili ya yangu.

"Watu wengi wanazaliwa na hii jeni na hawaugui," daktari akasema. "Na bado hatujui kama kuishusha hii homocysteine kutasaidia ngozi. Lakini baba yenu alikufa aje?"

Baba yetu, Mzee Kipkirui, alianguka kwa shamba la mahindi akiwa na miaka arobaini na saba. Kiharusi. Kijiji kilisema amerogwa.

Daktari akamtuma Priscah kliniki ya moyo siku hiyo hiyo. Presha ilikuwa imepanda vibaya na hakuwa na habari.

Tukiwa kwa korido nikamwambia, "Kama singekulazimisha kuja?"

"Usingoje shukrani," akasema.

Sikungoja.

Lakini Jumamosi alikuja kibandani, kichwa wazi. Akaketi benchi ya mbele, inayoangalia barabara, na kila aliyepita akamwona. Akaagiza chapati mbili. Nikampa bila salamu. Alipomaliza, Gathogo akaacha viatu alivyokuwa akishona, akaketi kando yake na kuagiza madondo. Hakuangalia uso wangu.

Sijamsamehe dada yangu, na sitawadanganya. Nimejifunza tu kwamba mtu akikuanika kwa bidii hivyo, kuna kitu chake anafunika.

Na kama ndugu yako ni mgonjwa, nenda upimwe hata wewe. Hata kama hamuongei.