Sahani ya Bati ya Shangazi

Shangazi alirudi kwetu Nyasho kutoka kazi za ndani Nairobi na sabuni tatu za kunukia, na sahani ya bati aliyokatazwa kuichanganya na za wenye nyumba. Miaka ile tulikuwa tukifulia majani ya mpapai, kwa hiyo sisi watoto tuliona sabuni tu. Sahani aliiona bibi, mama yake.

Ugali na sato vilipotengwa, shangazi aliketi mlangoni, sahani mapajani.

“Kuleni kwanza,” alisema. “Kule nilikuwaga nakula wakishamaliza.”

Jirani aliyekuja kumsalimia akacheka. “Huyu keshakuwa Mkenya! Hachangii sinia na washamba.”

Bibi hakucheka. Alimpelekea maji ya kunawa. “Mwanangu, hapa hakuna tajiri wako. Bila wewe hatuli.”

Tukangoja, mikono imelowa, ugali unapoa, hadi shangazi akasogea na kumega tonge la kwanza. Tukavamia sinia kwa vicheko. Sahani ile ikawa ya kulishia kuku.

Mchana huu, miaka mingi baadaye, harufu ya sabuni kama ile imenifikia kwenye meza yangu ya chakula. Dada anayetusaidia kazi ameshanawa mikono. Yuko jikoni, anasubiri tumalize.